Hodi Kwenye Kioo

Siku ya kwanza kazini Mikumi niliripoti saa moja asubuhi, nikakuta chumba chenye tanki nne za kioo, meza moja, na kiti cha mwenzangu ambaye hakuletwa kamwe. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye mabwawa ya serikali huko Kilosa, nikachukuliwa na mwekezaji aliyetaka kuzalisha samaki wadogo wa mapambo.

"Shikamoo, Meneja."

"Marahaba. Nataka vifaranga kabla ya Saba Saba. Visipopatikana nafunga chumba hiki, nawe unarudi kwenu."

Vijana wa leo mnanunua kila kitu kimeshaunganishwa. Sisi tulianza na maji yenyewe: ya bomba yalilazwa siku mbili, dawa itoke. Hita, yaani kirungu cha kioo chenye waya wa moto ndani, unaizamisha kwanza ndipo unaichomeka kwenye umeme. Ukianza na umeme, inapasuka. Kipimajoto kilikaa mbali nayo, kisome nyuzi ishirini na sita. Mwezi wa sita Mikumi ina baridi, na umeme ukikatika niliweka chupa za maji ya moto zielee ndani ya tanki.

Samaki wetu walikuwa wa kuatamia mdomoni: jike hubeba mayai kinywani wiki tatu, hali chochote. Wa kwanza kidevu kilijaa, nikafurahi kama mjukuu kazaliwa. Baada ya siku mbili kimebonyea, mayai hayamo. Wa pili, vilevile. Nilibadili hita, nikabadili maji, nikakosa usingizi. Asubuhi moja Meneja aliketi kwenye kile kiti kunitazama. Nikagonga kioo kwa kifundo cha kidole, kama kawaida yangu, kabla ya kufunua mfuniko.

"Hodi humu!"

"Unafanya nini?"

"Nabisha hodi, Meneja."

"Kwa samaki?"

"Ndio majirani nilionao."

Hakucheka. "Ukigonga hapo, kwao ni radi. Jike anashtuka, anameza mayai yake. Acha, ama ufungashe."

Niliona haya. Mke wangu alikuwa Berega akimuuguza mama yake, na mimi niliweza kumaliza siku tatu bila kusemeshwa na mtu. Upweke ndio ulionifundisha ile hodi, na adabu yangu ikaua watoto wa watu.

Tangu hapo nilivua viatu mlangoni, nikatandika magunia sakafuni. Jike wa tatu alifungua kinywa siku ya ishirini na moja, vikatoka vifaranga vidogo kama mbegu za nyanya. Nilitaka kupiga kelele, nikajiziba mdomo kwa kiganja.

"Kazi unayo," Meneja alisema.

Nilikuwa nayo mpaka nikastaafu, na yote niliifanya kimyakimya. Sasa nipo Magole. Mke wangu ametangulia mbele za haki, na majirani wamezoea kwamba kwa yule mzee hakupigwi kelele, basi wanapita wakinyata. Kosa ni langu, sikuwaambia kwamba kimya kile kilikuwa cha samaki. Wewe unayesoma, ukifika, gonga mlango kwa nguvu. Humu hakuna tena wa kushtuka.