Siku Tuliyopimwa kwa Neno "Mlango"

Baba yangu alisoma hadi darasa la nne enzi za mkoloni, hapa hapa Ujiji. Alitoka akijua kusoma gazeti, akijua kuandika barua, na akiwa na kovu la fimbo nyuma ya sikio. Kovu lile aliwaonyesha wageni kama nishani. "Sisi tulifundishwa," alikuwa akisema. Sijawahi kuelewa mtu mzima anavyoweza kumshukuru aliyempasua kichwa. Lakini kusoma alijua, hilo sina ubishi nalo.

Zamu yangu ilifika miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka kutoka Burundi na Kongo. Shule niliyosoma, huko Kasingirima, ilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na walimu wachache kuliko fimbo zao. Mwalimu mkuu alihamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, akauchukulia uhamisho ule kama kifungo. Reli inaishia kwetu, basi tukikosea hesabu alitikisa kichwa na kusema, "Mwisho wa reli, mwisho wa akili." Walimu wenzake walicheka. Kufundisha kulikuwa kunawachosha, kucheka hakukuwachosha.

Darasa la tano nilikaa na msichana aliyekuja kutoka Burundi, akiishi kwa shangazi yake mtaa wa pili kutoka kwetu. Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu, kwa hiyo mwalimu akisema jambo, mimi nilimnong'oneza. Aliitikia "ego" badala ya "ndiyo", darasa zima likaangua kicheko. Hata hivyo alikuwa akishika mambo haraka, na mwalimu wa darasa hakujua, kwa sababu hakuwahi kumuuliza swali.

Siku moja tuliambiwa mkaguzi anakuja. Asubuhi yake mwalimu mkuu aliingia darasani akiwa amevaa tai, akapita dawati kwa dawati akituamuru tuseme: "Mlango uko wazi." Aliyeisema vizuri alibaki. Jirani yangu wa dawati akasema, "Mrango uko wazi." Mwalimu mkuu akamwonyesha nje kwa fimbo. Ikawa zamu yangu. Nilizaliwa Kasingirima, mama yangu ni Muha wa Ilagala, na "l" hiyo ilikuwa hainikai mdomoni hata nikijitahidi.

"Mrango," nikasema.

"Na wewe nje. Wakimbizi wote nje."

"Mimi si mkimbizi, mwalimu."

"Hata kusema hujui, utajua ulikotoka?"

Tulitolewa kundi zima, Warundi, Wakongo na Waha tuliochanganywa humo, tukapelekwa ziwani kusomba mchanga wa kujengea choo cha walimu. Huko shuleni darasa lilibaki na nafasi ya kupumua, na kila aliyebaki alikuwa na pa kukaa. Mkaguzi, nilisikia baadaye, alisifu sana utulivu wa wanafunzi, kisha akala samaki ofisini, migebuka ya ziwani iliyokaangwa.

Alipokuwa akirudi mjini, gari lake lilitukuta kando ya barabara, ndoo vichwani. Likasimama. Akashusha kioo.

"Nyie watoto, mbona hamko shule?"

"Shikamoo," nikamwambia. "Tuko shule. Ni mwalimu mkuu ametutuma."

Alitutazama, akatazama ndoo, akatazama saa yake. "Haya, someni kwa bidii," akasema, kioo kikapanda. Huyo ndiye aliyetumwa kuja kuona.

Kesho yake baba alivaa koti lake la Idi, akanishika mkono hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Njiani alikuwa anatoa maneno makali, nikajua leo patachimbika. Mwalimu mkuu hakumkaribisha kiti.

"Mzee, samahani. Mtoto wako tulimdhania mkimbizi."

"Na angekuwa mkimbizi?" baba akauliza.

"Tusingekuwa na mazungumzo haya."

Nilimtazama baba, nikingoja. Baba akavua kofia, akasema, "Asante, mwalimu," tukatoka. Miaka minne ya fimbo ilimfundisha kusoma, na pia ilimfundisha hilo.

Mimi nilirudishwa darasani. Jirani yangu hakurudi. Msako wa wakimbizi ulipopita mtaani, yeye na shangazi yake walipelekwa kambini, na sikumwona tena. Mwalimu wa darasa aliendelea kuita jina lake hadi muhula ukaisha, bila kuuliza alikokwenda.

Sasa mwanangu anasoma shule ya serikali huku Buzebazeba. Majengo yamepakwa rangi, ada imefutwa, na hotuba zimeongezeka. Alipokuwa darasa la tatu alinisomea ukurasa mzima wa kitabu bila kukwama. Nilifurahi, kisha nikakifunga kitabu. Akaendelea kusoma.

Nilikwenda kwa mwalimu wake, kijana mpole mwenye simu mbili. "Mama, hawa ni wengi," akaniambia. "Wanaoweza tunawajua."

"Na wasioweza?"

"Siku ya mtihani wa majaribio tunaomba wapumzike nyumbani. Wanashusha wastani wa shule."

Alisema bila aibu hata kidogo, kama mtu anayetoa ushauri mzuri. Mwalimu mkuu wa enzi zangu angalau alijisumbua kututafutia kazi.

Sikuvua kitambaa cha kichwa wala sikumshukuru. Nilimwambia kwamba mwanangu atakuja kwenye mtihani, apate sifuri yake kihalali, na alikuja, akaipata. Jioni tukawa tunakaa jikoni, anafuata kwa kidole maandishi ya mfuko wa unga na ya kipande cha sabuni, analia, anafuata tena. Ilichukua karibu mwaka mzima, akajua.

Kwenye sherehe ya kufunga shule walimwita mbele, wakampa zawadi ya kalamu kwa "maendeleo mazuri", na ofisa mmoja akahutubia kirefu kuhusu hatua tulizopiga. Mwalimu mkuu wa shule yake akanipa mkono na kunipongeza kwa ushirikiano wangu na shule. Nilimpa mkono, malezi ni malezi, nikamchukua mwanangu tukaondoka kabla pilau haijapakuliwa.