Nafasi Aliyoitaka Verna

Baba mkwe wangu, Wendell Hostetler, alikuwa fundi wa mabasi ya shule kwa miaka thelathini na tisa, na katika safari zake zote za kambi hakuwahi kulala mahali penye umeme. Hilo alijivunia kuliko pensheni yake. Kila Agosti familia nzima tulikwenda kwenye bustani ya michezo iliyo bondeni, yenye mabembea, treni la kupanda na kushuka, na kambi yake, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu Pennsylvania, na kila Agosti tulipiga hema nafasi ile ile, namba mia na kumi na mbili, juu kabisa msituni. Choo kilikuwa chini ya kilima. Lango la bustani lilikuwa mbali kupita choo.

"Anayetaka umeme abaki kwake," alikuwa akisema kila tulipowapita wale waliounganisha trela zao kwenye nguzo. Aliwaita watu wa waya. Mimi niliyezaliwa Tanga nikaolewa huku nilijiuliza kimoyomoyo kwa nini mtu aache kitanda chake akalale chini na mbu, tena kwa hiari. Lakini mimi ni mkwe. Nilinyamaza, nikabeba ndoo.

Kambini pale, nafasi uliyolala mwaka huu ni haki yako mwakani, mradi uiandikishe kabla ya kuondoka. Ukiiachia inakwenda kwa aliye mbele kwenye foleni, na kuna waliokuwa wakiisubiri ile yetu kwa miaka kumi na moja. Wendell alikuwa ameshaiandikisha kama kawaida yake, ndipo mapafu ya mama mkwe wangu, Verna, yakachoka. Ikawa hawezi kulala bila mashine ya oksijeni, na mashine inataka umeme. Daktari alituambia wazi kwamba huenda safari hii ikawa ya mwisho kwake.

Mzee akahangaika. Alinunua betri ya lori, akaiunganisha na mashine pale gereji. Ikadumu saa tatu. Akaongeza ya pili. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo, saa mkononi.

"Zimedumu saa sita na robo," akaniambia.

"Baba, na ikizima alfajiri, mama amelala?"

Kesho yake alipiga simu kambini, akaiachia nafasi. "Ndiyo, nina hakika," nilimsikia akisema. "Najua siipati tena." Alipokata simu alijipangusa uso kwa tambara lenye grisi. Nilimhurumia sana, na sikuwa nimezoea kumhurumia.

Tulipofika, yule mama wa mapokezi alitutandikia ramani mezani. Nafasi za umeme zilizobaki zilikuwa tatu. Wendell akaweka kidole kwenye ile ya nyuma.

"Hii. Kivuli, kimya. Upumzike."

"Hapana," alisema Verna, akiegemea kigari cha mtungi wake mdogo wa oksijeni. "Nataka hii." Alionyesha nafasi iliyobanwa na uzio, chini ya lile treni la mbao linalopanda na kushuka na watu wakipiga mayowe.

"Hapo ni kelele tupu, bibie. Treni litakupita kichwani!"

"Najua. Miaka thelathini na miwili nalisikia kwa mbali."

"Lakini wewe ulikuwa unaupenda msitu."

"Wewe ndiye uliyeupenda, Wendell. Mimi nilikuwa na watoto wanne na choo kimoja chini ya kilima."

Mama wa mapokezi akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Mbona hukusema?" sauti ya mzee ilikuwa imeshuka.

"Mwaka wa kwanza nilisema. Ukacheka. Basi nikazoea."

Tulilala pale uzioni siku tatu. Kila treni lilipopita Verna alinyanyua mkono, na wanangu wawili waliokuwa wamelipanda walimpungia mpaka nikaogopa wataanguka. Wendell alikaa kando yake na soseji inayopoa kwenye sahani. Siku ya pili, bila kugeuka, akauliza, "Na kahawa yangu? Unaipenda chungu vile?"

"Hata kidogo."

"Mungu wangu," alisema mzee, akainuka kwenda kutafuta sukari.

Tangu hapo akawa anauliza kila kitu: mapazia, redio, upande wa kitanda. Mume wangu alimtania kwamba amegeuka karani wa sensa. Mimi sikucheka, maana niliona anauliza kwa haraka, kama mtu aliyeambiwa duka linafungwa.

Septemba, Verna akiwa hainuki tena, Wendell aliuliza lililobaki. Alikuwa amenunua makaburi mawili zamani, pembeni ya wazazi wake, juu kilimani kwenye makaburi ya kanisa.

"Kule juu ni sawa kwako?"

Verna alivuta pumzi mara mbili kabla ya kupata sauti. "Tena kilimani, Wendell?"

Kesho yake mzee alikwenda kwa mchungaji, akabadilisha yote mawili. Oktoba tulimzika Verna chini, kwenye tambarare iliyo kando ya njia. Jumapili iliyofuata nilimkuta Wendell amesimama pale, kofia mkononi, watoto wa shule ya Jumapili wakitoka kanisani na kumpita mbio na makelele yao. Mchungaji alitaka kuwanyamazisha, lakini mzee akamshika mkono na kumwomba awaache.