Kanga ya Mwalimu Agatha

Mwalimu Agatha ana donge, na mimi jirani yake sioni haya kulisema, kwa sababu Kilosa nzima inalijua. Donge lenyewe linaitwa Naomi.

Agatha hakusomea ualimu. Baba yake alikuwa fundi wa reli, mama akilima mpunga Chanzuru, na yeye alianza maigizo kwenye sherehe za shule akaendelea hadi akawa na kundi lake. Anafundishia ukingoni mwa mto Mkondoa, na ana mtihani wake mmoja. Kiangazi maji yakipungua, anayetaka kuingia kundini anavuka, anasimama ng'ambo na kutamka maneno yake. Agatha akimsikia vizuri, amepokelewa. Asipomsikia, arudi nyumbani akasaidie kupalilia. Amewarudisha wengi: wenye sauti ndogo, wenye kigugumizi, vijana wa kifugaji ambao Kiswahili chao kilimchekesha. Doris hakufika hata majini. Mama yake alipomleta na kueleza kwamba binti hasikii wala hasemi, Agatha alijibu, "Maigizo ni sauti, mama," akaendelea na mazoezi.

Naomi alipita mtihani ule. Ndiye mwanafunzi ambaye Agatha alimpenda kuliko wote, na ndiye aliyekwenda chuo, akarudi na kufungua darasa la filamu Mikumi bila mtihani wowote. Akawachukua wote waliokataliwa, Doris akiwa wa kwanza. Watu wakaanza kusema Naomi hivi, Naomi vile. Wanafunzi wa Agatha wakawa wanaaga kwa adabu na kuhamia Mikumi.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," Agatha aliniambia tukichambua mchele. "Nani aliyemuunda? Umewahi kumsikia akinitaja?"

Nilimwambia sijawahi. Ukweli ni kwamba nimewahi, ila siku ile na mimi nilitaka kuona moto unawaka.

Basi tukaenda Mikumi siku darasa la Naomi lilipokuwa likipiga picha za filamu, eti kutafuta vitenge. Tuliwakuta kando ya shamba la mahindi. Naomi alimkumbatia mwalimu wake, akamletea kiti na kukiweka karibu na kamera, mahali pa heshima. Agatha alikaa huku amekunja uso. Kiti chenyewe kilimuudhi.

Hadithi yao ilikuwa ya ng'ombe kuingia shambani. Doris alicheza binti anayewaona kabla ya wengine, na kukimbia kumwita mfugaji wasije watu wakashikiana mapanga. Kwa kuwa hasikii, Naomi alisimama kando ya kamera na kanga mkononi. Akiinyanyua, Doris aanze. Kijana wa kifugaji, mmoja wa wale waliochekwa Kilosa, alikuwa akiwasubirisha ng'ombe nyuma ya miti.

Jua lilikuwa kali. Agatha alijitanda kanga yake upya, na Doris akachomoka mbio kabla ng'ombe hawajatokea. Urbanus, mpiga picha, akasimamisha kamera. Ng'ombe wakarudishwa, wakapangwa upya, kazi ikaanza tena.

Mara ya pili halikuwa jua. Nilikuwa nimekaa chini karibu na miguu yake, nikauona mkono. Agatha alimtazama Naomi, akamtazama Doris, kisha akainyanyua kanga yake taratibu na kuirudisha begani. Doris akakimbia tena. Nilimfinya Agatha mguu. Hakunitazama.

"Naomi, nakuheshimu," Urbanus alisema, "lakini huyu binti hatuwezi. Ng'ombe wanataka maji, mwenye mifugo keshanuna. Weka mwingine anayesikia, tumalize."

Agatha aliegemea kiti. Nakwambia alifurahi, nimekaa naye miaka, naijua furaha yake hata akiificha. Doris alikuwa akitutazama mmoja mmoja. Alijua anaondolewa.

Naomi alimwendea Doris, wakazungumza kwa mikono, haraka haraka. Doris alinyoosha kidole kwenye kiti. Naomi akageuka.

"Mwalimu, kumbe kosa ni langu," alisema. "Sikumweleza. Anasema aliona kanga mbili akafuata yako, kwa sababu wewe ndiye mkubwa hapa."

Mimi niliangalia mchanga, kwani ningemwangalia Agatha ningecheka au ningelia.

"Basi ishara utoe wewe," Naomi aliendelea, akaikunja kanga yake na kuiweka begani. "Ng'ombe wakifika kwenye kile kichuguu."

Ng'ombe walitoka kwenye miti wakaja polepole, wakisimama kula. Agatha angeweza kuwahi, angeweza kuchelewa, na lawama ingemwangukia yule binti. Uso ulikuwa bado wa mwenye wivu, tusidanganyane, haukuyeyuka. Ng'ombe wa mbele akakanyaga kichuguu. Agatha akainuka kutoka kitini, akainyanyua kanga kwa mikono miwili.

Doris alikimbia nikasahau kwamba ni maigizo. Alifika kwa yule kijana akamshika mkono, akamwonyesha shamba, na uso wake ulisema yote. Urbanus aliacha kamera iendelee hata baada ya kazi kuisha.

Watu walimpongeza Naomi, bila shaka. Agatha alianza kuniita tuondoke. Lakini Doris alikuja mbio, akasimama mbele yake, akapiga goti kidogo na kufanya kitu kwa mikono.

"Anakuamkia," Naomi alisema.

"Marahaba," Agatha alijibu.

Doris alibaki pale pale, goti limekunjwa, akisubiri. Agatha akarudia kwa sauti ya juu zaidi, ile ya ukingoni. Doris akasubiri. Mtoto wa watu hawezi kuachwa na shikamoo yake hewani mbele ya kadamnasi.

Agatha akamgeukia mwanafunzi wake mwenyewe, na maneno yakamtoka kwa shida kama jino.

"Naomi. Inajibiwaje?"