Msaga Posho na Vitabu vya Kutisha

Pale Naitiri, bwana wa mashine ya posho husoma vitabu vya kutisha, na hakuna hata kimoja alichowahi kukiri kwamba kilimtisha. Huvinunua mitumba Kitale, akavisoma amesimama, mkono mmoja ukiachilia mahindi na mwingine umeshika kitabu. Kabla ya kufungua ukurasa huupuliza unga kwanza. Ukimuuliza hicho kikoje, hukujibu kwa sauti ya kushindana na mashine, hata mashine ikiwa imezimwa: "Cha kawaida tu!" Muuaji wa kukata watu vichwa, cha kawaida. Nyumba inayomeza wapangaji, cha kawaida. Wanawake wa foleni waliacha kumsikiliza kitambo. Wao huangalia unga. Ukiingia wote kwenye ndoo, kitabu ni kibovu. Ukimwagika kidogo, kinasomeka.

Alhamisi moja ilikuwa zamu ya Wilkista, mmoja wa wanawake wa foleni, na mahindi yake ndiyo ugali wa watoto wake kwa wiki nzima. Ndoo ikajaa, ikafurika, unga ukafunika viatu vya yule bwana, naye macho yake yako kitabuni, mdomo wazi. Wilkista akamgusa bega. Yowe alilopiga lilishinda mashine. Foleni nzima ikageuka. Akakung'uta kitabu, akalitazama jalada kwa dharau.

"Cha kawaida tu!"

Wilkista alikuwa amechutama, akizoa unga wake sakafuni kwa viganja.

"Sawa, bana," akasema bila kuinua kichwa. "Lakini ukikimaliza hicho kitabu usipatie mtu. Mimi ndio nafuata."