Njiwa wa Chipa na Kilo Kumi na Tatu

Daktari hakumwambia Eduvigis Ozuna kwamba ni mnene. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliisoma karatasi mpaka mwisho, akasema figo yake inamfaa ndugu yake kana kwamba wamezaliwa mapacha, kisha akaikunja.

"Ila uzito, mama. Kilo tisini na tatu. Hatuwezi kukupasua ukiwa hivyo, ni hatari kwako. Ukifika themanini kabla ya mwisho wa Juni, tutaendelea."

"Na nisipofika?"

Daktari akatazama dirishani. "Ndugu yako atangoja kwenye orodha. Na moyo wake hautangoja sana."

Nje, kwenye benchi, Cirilo alikuwa amesinzia, mkono umefungwa bendeji pale mashine ilipokuwa ikimsafisha damu. Kila wiki mara tatu alipanda basi la alfajiri kutoka mji wao mdogo wa Pirayú hadi mji mkuu, akarudi mchana rangi imemtoka. Alikuwa na miaka hamsini. Eduvigis, aliyemzidi miaka saba, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Nyumbani hapakuwa na mjadala mrefu. Nimia, mke wa Cirilo, mwanamke mwembamba kama ufito, alisema, "Ni nia tu, wifi. Mtu akitaka, anaweza." Halafu akaongeza, "Na tusiutangaze mtaani, tafadhali."

Hilo halikuhitaji kusemwa. Marehemu baba yao alikuwa hakimu wa Pirayú kwa miaka ishirini, na alikuwa akiwaambia wanawe kwamba ugonjwa wa nyumbani hufunikwa kama kitanda, kabla mgeni hajaingia. Hata mume wa Eduvigis alipougua na kufa, majirani walipata habari siku ya msiba.

Kuhusu nia, Eduvigis alidhani anaijua. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini, na kila Februari, siku ya kwanza ya masomo, alikuwa akiandika ubaoni kwamba penye nia pana njia, watoto wakanakili. Sasa ilikuwa zamu yake kunakili. Asubuhi yai la kuchemsha na tango. Kisha mwendo mpaka kituo cha zamani cha reli na kurudi, magoti yakilalamika. Mchana nyama kipande, bila muhogo. Ambaye hakuzaliwa huko hawezi kujua maana ya kukaa mezani bila muhogo. Mkono huutafuta wenyewe, kama mtu anayepapasa miwani.

Asubuhi nia yake ilikuwa nzima. Saa sita ilikuwa bado inasimama. Saa kumi jioni ilikuwa imechakaa kama kitambaa cha kufutia ubao, na hiyo ndiyo saa ambayo sahani zilianza kuja.

Huko kuna jambo liitwalo jopói. Mwenye kupika hukumbuka jirani, akapitisha sahani ukutani. Sahani haikataliwi, na hairudi tupu. Kuikataa ni kumtemea mpishi usoni. Tangu Januari, bila Eduvigis kuelewa sababu, sahani zilikuwa zimeongezeka. Ña Ceferina, yaani Bi Ceferina, wa nyumba ya kushoto alileta sopa, ule mkate mzito wa mahindi na jibini ambao wageni huutafutia kijiko kwa kuwa jina lake ni supu. Ña Porfiria wa mbele alileta maandazi ya kukaanga na peremende za papai. Eduvigis alishukuru, akafunika, akaapa kutogusa. Jioni moja alijikuta amesimama jikoni na sahani tupu mkononi, makombo ya sopa kifuani, wala hakukumbuka kuketi.

Aliona haya kuliko siku aliyopimwa. Nduguye anakufa, naye anashindwa na mkate.

Kufikia wiki ya Pasaka alikuwa amepunguza kilo tano. Zilibaki nane, na miezi miwili na kidogo.

Jumatano Kuu kila nyumba ilikanda chipa, mikate ya muhogo ya Pasaka, maana Ijumaa Kuu moto hauwashwi. Moshi wa matanuru ya udongo ulifunika mtaa, na harufu ya jibini na unga wa muhogo ikaingia mpaka chini ya shuka. Ña Ceferina alimpitishia chipa kubwa ya umbo la njiwa, yenye macho ya karafuu. Eduvigis alijifungia nayo jikoni, akaitazama. Alijua kabla ya Magharibi ataimaliza. Basi akaiweka kwenye sahani ya Ña Porfiria, iliyokuwa ikingoja kurudishwa, akaipeleka ng'ambo ya barabara. Sahani haikurudi tupu. Alilala na njaa, lakini alilala na ushindi.

Jumamosi mchana alisikia mtu akipiga makofi langoni, ndiyo hodi ya huko.

"Mwalimu! Toka nje. Sina ugomvi, nina swali."

Ña Ceferina alikuwa amesimama barabarani, sahani mkononi, na juu yake njiwa.

"Huyu unamjua?"

Eduvigis alifungua lango nusu.

"Usiniambie ni wa watu wengine. Haya macho nimeyapachika mimi kwa vidole hivi, na hili bawa limeungua kwa sababu moto ulinizidi. Nilikuletea wewe Jumatano. Leo Porfiria ananiletea mimi: 'Onja, jirani, chipa ya nyumba ya Mwalimu.' Ya nyumba ya Mwalimu! Njiwa amezunguka mtaa kama padri anayebariki nyumba, amerudi kwa mama yake!"

Ng'ambo mtu alicheka, akajikohoza.

"Ingia ndani, Ña Ceferina."

"Siingii. Nijibu hapa hapa. Mikono yetu inanuka kwenu siku hizi, akina Ozuna?"

Uongo ulikuwa tayari: tumbo, meno, nadhiri ya Kwaresima. Lakini alikuwa amechoka. Kusema uongo nako kunataka nguvu, na zake zote zilikuwa zimekwenda kwenye tango.

"Siwezi kula," alisema. "Wanataka kutoa figo yangu wampe Cirilo. Hawanipasui mpaka nifike kilo themanini. Nina themanini na nane. Nisipofika, Cirilo atakufa."

Neno hilo la mwisho hakuna aliyekuwa amelitamka nyumbani mwao. Sasa lilikuwa barabarani, mchana, Porfiria akisikia.

Ña Ceferina alishusha sahani. "Kumbe ni habari ya figo zake zile."

"Ulijua anaumwa?"

"Mwalimu, dereva wa basi la alfajiri ni mpwa wangu! Mtaa mzima unajua tangu Desemba. Tuliona hamtaki kusema, tukaona tusiwaaibishe. Lakini utamwachaje mtu na huzuni yake bila hata sahani? Ndiyo maana tulikuwa tunaleta."

Eduvigis alishika lango. Alitaka kucheka, kicheko hakikupata nguvu ya kutoka.

"Sahani zenu zinanimaliza, Ña Ceferina."

"Sasa mimi ningejuaje? Ulifunga mdomo usiseme, ukauacha wazi kwa kula!" Kisha akageuka, sauti juu: "Porfiria! Umesikia? Kuanzia leo hapa hapapiti kitu!"

"Nimesikia!" Porfiria alijibu kutoka dirishani, bila hata kujifanya hakuwa anasikiliza.

Jioni Nimia alikuja, midomo imekauka. "Umetuanika, wifi. Baba mkwe angekufa mara ya pili."

"Tulikuwa tumeshaanikwa," Eduvigis alimwambia. "Tulijifunika chandarua tukadhani ni blanketi." Alisema hivyo, lakini usiku ule alimwomba baba yake radhi, na hakuwa na hakika kama alisamehewa.

Sahani zilikoma. Zilikoma kabisa, na siku nyingine saa kumi jioni alijikuta akitazama ukuta, akijisikia kama nyumba iliyohamwa. Nia yake haikuwa imekua. Ilibaki kiasi kile kile cha mtu aliyechoka, ila sasa ilikuwa na vitu vichache vya kukataa. Asubuhi Ña Ceferina alianza kumfuata mpaka kituo cha reli, akilaumu njia nzima kwamba miguu yake haikuomba kazi hiyo. Mei ilikuja na baridi, na njaa ya baridi ina meno. Kuna wiki mizani haikusogea. Kuna usiku alitafuna muhogo mbichi uliobaki kwenye kikapu jikoni, akautema, akalia, akasukutua, akalala.

Tarehe ishirini na tano Juni alivua viatu na kupanda mizani ya hospitali.

"Sabini na tisa na nusu," muuguzi alisema, akaandika. "Haya, shuka."

Basi. Hapakuwa na zaidi.

Cirilo alikuwa kwenye benchi lile lile. "Ngapi, dada?"

Alimwambia. Cirilo alivua kofia, akajifunika nayo uso.

"Sasa kula kitu," alisema ndani ya kofia. "Tafadhali. Nikununulie kitu."

"Hapana. Lazima nibaki hapo hapo mpaka siku ya kupasuliwa."

"Lini?"

"Katikati ya Agosti."

Eduvigis alihesabu kwa vidole: wiki saba, kila siku na jioni yake. Akaketi kando ya nduguye, akaegemeza kichwa ukutani, akamwambia amwamshe saa ya basi ikifika.