Aliyepunguza Sauti

Katika jengo lile hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Mitambo, naye aliitika, kwa sababu ujana wake wote aliumaliza kiwandani, kwenye ukumbi wa kufumia vitambaa, ambako kelele zilikuwa nyingi hata mtu akikuita begani husikii kitu. Wanawake wa ukumbi ule walizungumza kwa midomo tu. Walitaniana, walisengenyana, walipeana pole za misiba bila sauti kutoka, kila mmoja akimtazama mwenzake mdomo huku mikono ikiunganisha nyuzi zilizokatika. Alipostaafu, masikio yalikuwa yameshakwenda na maji. Hakuwa kiziwi kabisa, lakini usipomsogelea na kupaza sauti, unajichosha bure.

Starehe yake ilikuwa muziki. Sebuleni alikuwa na amplifaya na spika mbili zilizomfika kiunoni, alizozinunua akiwa bado kazini. Redio ya kanda ilipokufa, spika zilikaa zikila vumbi, mpaka binti yake, ambaye ni meneja wa ofisi ya bima mji mwingine, alipomletea tableti. Alichomeka waya kwenye tableti, ncha ya pili akaichomeka nyuma ya amplifaya, kisha akaingiza humo akaunti yake mwenyewe ya muziki.

“Mama, andika hapa jina la wimbo wowote unaoutaka. Unakuja wenyewe.”

Ukaja. Ulikuwa wimbo aliouchezea siku ya harusi yake, ambao hakuusikia tena tangu alipofiwa na mume. Mama Mitambo alivuta kigoda, akakaa katikati ya spika zile na kuweka kiganja juu ya mojawapo, kwa sababu besi aliisikia zaidi kwa mkono. Binti alipoondoka, mama hata hakumsindikiza hadi ngazini.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Baadaye chombo kikaanza vituko. Wimbo umefika panapomkolea, mara sauti inashuka. Anaipandisha, inashuka tena. Alifuta vumbi, akabadilisha waya, akazima na kuwasha. Alimlalamikia binti yake, akajibiwa kwa ujumbe: “Labda imechoka, mama. Iache ipumzike.” Akaiacha ipumzike. Ilipoendelea vilevile, hofu ilimwingia kwamba tableti ni nzima ila masikio ndiyo yanamalizikia. Alikwenda hospitali, akakaa kwenye benchi asubuhi nzima, akapimwa, akaambiwa hayajabadilika. Alirudi nyumbani akiwa haamini.

Jumamosi moja mchana binti alimpigia simu ya video, kwenye simu ya mkononi. Muziki ulikuwa unapiga. Walikuwa wakiongea habari za mjukuu, na katikati ya maneno sauti ya spika ikaporomoka.

“Umeona? Imeshuka tena,” mama akasema.

Kwenye kioo, binti alizima maikrofoni na kugeuka kidogo kwa mumewe aliyeketi pembeni, naye akionekana kiooni. Hakuugeuza uso wote. Mdomo wake ulisema, wazi kabisa: “Nimeshampunguzia. Anadhani tableti ni mbovu.”

Mkwe akacheka. “Siku akijua je?”

“Atajuaje?”

Kisha akawasha maikrofoni, akamgeukia mama. “Pole, mama. Nikija nitaitazama.”

“Haya,” alisema Mama Mitambo, akakata simu.

Akaunti ilikuwa ya binti, kwa hiyo simu ya binti, huko huko iliko, iliona kila wimbo unaopigwa sebuleni kwake na iliweza kuuteremshia sauti. Hayo alielezwa baadaye. Kilichomuuma wakati ule ni lile benchi la hospitali. Alikuwa amemwambia mtoto wake kwamba anakwenda kupimwa masikio. Mtoto alijibu, “Pole, mama,” huku kidole chake ndicho kinachomziba.

Alimwandikia maneno machache: “Jumapili ijayo njoo. Usipange jambo lingine.”

Binti alikuja na mfuko wa matunda. “Nimekuletea na waya mpya,” akasema akivua viatu.

“Uweke hapo. Nani anapunguza sauti ndani ya nyumba yangu?”

“Mama, hivi vyombo vina—”

“Kiwandani nilikuwa naongea na wenzangu kwa nini, kwa simu? Nimekusoma mdomo. Na mumeo nilimwona akicheka.”

Binti alikaa kwenye ukingo wa kochi. “Mwalimu wa ghorofa ya chini alikuwa ananipigia kila wakati. Anasema watoto wake hawawezi kusoma. Ningefanya nini?”

“Ungeniambia.”

“Ukiambiwa husikii.”

Neno lilikuwa limeshatoka. Binti alilitazama usoni kwa mama yake, akaona limefika, lakini hakurudi nyuma. Naye alikuwa na yake ya siku nyingi.

“Nimesomea kwenye muziki huu, mama. Nilikuwa nabeba vitabu kwenda kujifungia bafuni. Nikikuomba upunguze, unasema mtambo hauzimwi kwa ajili ya mtu mmoja. Safari hii nilikuwa na pa kubonyeza, nikabonyeza.”

Maneno yale ya mtambo yalikuwa ya Mama Mitambo kweli, na alikuwa akiyasema huku akicheka.

“Hilo ni deni langu kwako, nitalilipa,” alisema. “Ila ungeniletea usoni. Wewe umeniacha niende hospitali nikidhani nakuwa kiziwi. Ulijua, ukanipa pole. Sasa toa mkono wako humu.”

Binti alichukua tableti, akaondoa akaunti yake, akafungua nyingine kwa namba ya simu ya mama mwenyewe. Alikuwa akifuta machozi kwa mkono wa blauzi, na mama alimwacha afute. Aliondoka chakula kikiwa bado jikoni.

Mlango ulipofungwa tu, Mama Mitambo alishuka ngazi akagonga kwa mwalimu.

“Mimi naishi juu ya kichwa chako,” alimwambia. “Iliwezekanaje ikawa rahisi zaidi kupiga simu mji mwingine?”

“Niliona nisikukere, mama.”

“Umenikera. Umenisemea kwa mtoto wangu kama vile mimi ndiye mtoto. Wanao wanasoma saa ngapi?”

Mwalimu, akitazama kandambili zake, alisema wanasoma jioni.

“Jioni nitazima. Mchana ni wangu. Ukiwa na neno, panda ugonge mlango, na ugonge kwa nguvu.”

Akawa anazima jioni, kwa shingo upande, na mchana anapandisha mpaka vikombe vinacheza kabatini. Haukushuka tena wimbo hata mmoja. Lakini kuna siku alikaa na kiganja juu ya spika akijikuta anafikiria bafu, na mtoto aliyekaa humo na vitabu, na hasira ikachanganyika na kitu kingine asichokipenda.

Binti alikaa muda mrefu bila kupiga simu. Alipopiga, alianza na habari za viatu vya mjukuu vilivyomkaza. Wakazungumza viatu.

“Mama, bado una hasira?” akauliza mwishoni, akisema polepole mbele ya kioo.

“Ninayo. Na wewe?”

“Na mimi.”

“Basi njoo nayo hivyo hivyo. Na mumeo aje, nina lake.”