Mashabiki wa Kukodi

Harufu ya bisi zilizoshika chini ya sufuria, ikichanganyika na ya majani ya uwanja yaliyotoka kumwagiwa maji, ndiyo iliyonipandisha damu Ijumaa iliyopita, hata kabla mlinzi wa mlangoni hajafungua mdomo. Tulikuwa kwenye kiwanja kidogo cha timu ya daraja la chini, huku Al Rayyan, pembeni mwa Doha. Mwanangu Hamidu kanishika mkono, mdogo wangu Rama yuko nyuma kabeba maji. Yaliyotokea mlangoni nitawaambia, ila hamtaielewa hasira yangu mpaka mjue yaliyompata baba.

Nilipokuwa mdogo, Rama hajazaliwa, tulikaa mtaa wa Najma, chumba kimoja juu ya duka la fundi viatu. Mama alitandika vitanda hotelini, na Ijumaa hawakumpa nafasi hata ya kupumua, kwa hiyo Ijumaa nilikuwa mtoto wa baba. Baba alikuwa dereva wa basi. Baada ya sala alipitia kambi za walinzi na madereva, akalijaza basi wanaume, akawapeleka uwanjani kushangilia. Msicheke. Timu ile haikuwa na shabiki hata wa dawa, na mechi zilionyeshwa kwenye televisheni, sasa viti vitupu vilikuwa aibu. Mlangoni kila mwanamume alipewa kanzu nyeupe avae juu ya nguo zake aonekane mwenyeji, baba pia, wakae, wapige makofi wakiambiwa, na asitoke mtu mpaka filimbi ya mwisho. Kanzu zilinuka sabuni na jasho la waliozivaa wiki iliyopita. Ya baba ilimfika magotini. Miaka yote nilidhani watu wa Doha huenda mpirani kama waendavyo msikitini.

Mimi ndiye niliyekuwa shabiki wa kweli. Niliipenda timu ile mpaka naumwa tumbo ikifungwa, na ilifungwa sana. Niliketi jukwaa la familia, ubavuni kwa mama mmoja wa Kisudani aliyenimiminia chai ya maziwa bila kuniuliza. Ng'ambo ya uzio wa chuma ndiko walikokaa wanaume wasio na familia. Akiwa na mimi baba angeruhusiwa kukaa kwa familia, lakini alikuwa kazini, basi alichagua kiti cha mwisho wa safu, karibu kiasi cha kunipitishia bisi. Mpiga ngoma alikuwa Otieno, Mkenya, mlinzi wa ghorofa, mdomo hauna breki.

"Kipa huyo amekuja kununua vitunguu!" alikuwa akipayuka, na wanaume wanaanguka kwa kicheko.

Wakimwona Mudiri, kicheko kinakatika. Mudiri ndiye aliyewasimamia. Yeye hakuangalia mpira. Alikaa akiupa uwanja mgongo, miwani myeusi machoni, anawatazama wao. Tena alikuwa shemeji wa mwenye mabasi. Neno lake moja lingetosha baba kukatiwa tiketi ya kurudi kwetu Tanga, na mimi na mama nyuma yake.

Ijumaa moja wapinzani walikuwa na winga mmoja, kijana ambaye wazee wake ni wa Muheza. Baba alikuwa akipajua nyumbani kwao. Kijana akatoka na mpira pembeni, akamlaza beki wetu, akamlaza mwingine, akaupiga wavuni. Baba akaruka juu na kanzu yake fupi.

"Huyooo! Mwanangu huyo!"

Jukwaa zima likalipuka. Ngoma, vigelegele vya wanaume, watu wanakumbatiana. Mashabiki wetu wanashangilia kufungwa kwetu! Mimi machozi yananilenga. Mwanangu gani? Mwanawe si mimi?

Ndipo kibendera cha mshika kibendera kikapanda. Kijana alikuwa ameotea. Ngoma ikanyamaza. Mudiri akasimama polepole.

"Nani ameanza?"

"Mdosi, sisi tumeshangilia kibendera!" Otieno akadakia. "Si jamaa ameotea? Goli hakuna!"

"Kibendera!" wakaitikia wote. Baba naye, kwa sauti kubwa kuliko wenzake, "Wallahi kibendera!"

Mudiri akageuka, akakiona bado kiko juu. Akasita. Kisha akaniona mimi. Akaja mpaka kwenye chuma, akachuchumaa, akavua miwani. Macho yake yalikuwa madogo na mekundu.

"Binti, mtoto hasemi uongo. Bendera ilipanda kwanza, au hawa walipiga kelele kwanza?"

Nilikuwa nimeona kila kitu. Yule mama wa Kisudani akanishika goti, akalibana. Wanaume wote wananitazama. Nikafungua mdomo.

"Mtoto usimuulize," baba akasema. "Niulize mimi. Kelele kwanza. Na nilianza mimi."

"Aii, mzee wangu," Otieno akanong'ona, "si ungetulia tu?"

Mudiri alimvua kanzu mbele ya watu wote. Nyumbani mama alishusha sanduku kutoka juu ya kabati, akaliacha wazi sakafuni, na kila simu ilipolia alikaa kitako. Tiketi haikuja. Basi lake alibakiziwa, uwanja akanyimwa. Ijumaa zilizofuata tuliwashusha wanaume, tukabaki wawili kwenye maegesho na jua lile, tukibahatisha magoli kwa ngoma ya Otieno. Nilimnunia baba sana.

"Ungenyamaza," nikamwambia siku moja. "Mimi ningesema bendera."

"Najua," akajibu. "Ndiyo maana."

Nikamwona mjinga. Nikakua nikidhani aliona haya kusema uongo. Haya gani, na dakika ile ile alikuwa ameapa kuwa ni kibendera?

Sasa Ijumaa iliyopita. Mlinzi anamwangalia Rama, anasema makapera, wanaume wasio na familia, mlango ule. Nikamwambia huyu ndugu yangu, baba mmoja mama mmoja. Hakuniamini. Akamwinamia Hamidu, anatabasamu.

"Eti kijana, huyu mjomba analala kwenu?"

Mwanangu akaninyanyulia macho, bisi mkononi, mdomo wazi, anatafuta usoni kwangu jibu ninalolitaka. Nikaingia kati yao.

"Mtoto usimuulize! Niulize mimi!"

Watu waligeuka. Mpira hatukuuona. Ndani ya teksi Hamidu alininunia mpaka karibu na nyumbani, kisha akasema, "Mama, mimi ningemwambia tu unavyotaka."

Nikamwambia najua.